Mjukuu Wangu, Zima Data Kabla ya Kuvuka

Mjukuu wangu, kaa kidogo. Najua begi limeshafungwa na tiketi imo kwenye simu. Mama yako ameshakupa kachori za njiani, na baba yako ameshakupa maneno ya kutosha juu ya masomo na marafiki wabaya. Mimi sina la kuongeza kwenye hayo. Langu ni hiyo simu uliyoishika.

Baridi ya huko utainunulia koti. Deni la simu halina koti.

Nakuomba unisikilize mpaka mwisho, maana njia hii nimeona wengi wakiipita. Wapo walioondoka hapa wakiimba, na muda si mrefu wakaanza kutuma ujumbe wa kuomba wachangiwe. Hawakuomba ada wala kodi ya chumba. Waliomba pesa ya kulipia intaneti ya siku chache ambazo hata wenyewe hawakumbuki walitazama nini. Mtu alipe alichokula, hilo ni haki. Lakini kulipa usichokumbuka kukila kuna uchungu wake, na sitaki uuonje.

Kwanza ijue tabia ya simu. Wewe utasimama kwenye foleni ya uhamiaji, utaulizwa unakwenda kwa nani na utakaa muda gani. Simu haiulizwi chochote. Yenyewe inatafuta minara tu: wa nyumbani ukififia, inashika ulio karibu, hata kama ni wa nchi nyingine. Pasipoti hugongwa muhuri mara moja, simu hugongwa kila dakika.

Wala si lazima upande ndege. Shuka kwenye basi Namanga unywe chai upande wetu huu, na mnara wa ng'ambo ukiwa na nguvu zaidi simu itauhamia hali wewe bado unakoroga sukari. Ndivyo ilivyo Holili, Sirari, Horohoro na Tunduma. Watu wa Goma na Gisenyi, ambao nyumba zao zinatazamana na katikati umepita mpaka, wanalijua hili kuliko mimi. Ukiwa mahali kama hapo, ingia kwenye mipangilio ya simu, zima ile sehemu inayoiachia simu ijichagulie mtandao, kisha chagua wa kwenu kwa mkono wako.

Dalili zake ni ndogo, kwa hiyo zitafute. Kwenye simu nyingi za Android, pale juu kando ya vijiti vya mtandao, hutokea herufi ndogo ya R. Ukiiona hiyo, ujue uko romingi, yaani unatumia mtandao wa watu kwa jina la kampuni yako. Kisha huingia SMS ya kukukaribisha nchi fulani, na humo wameandika bei. Vijana mnaifuta kabla hamjaimaliza. Usiifute, mwanangu. Ile ndiyo orodha ya bei, na usitarajie mtu aje akusomee.

Utaniambia, "Babu, mimi sitaifungua intaneti. Nitaiweka mfukoni tu." Mfukoni ndiko inakokula zaidi! Picha ulizopiga uwanja wa ndege zinapandishwa zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Programu zinajisasisha. Kundi la kamati ya harusi ya binamu yako linatuma video ya ukumbi, kisha ya ukumbi mwingine, kisha ya mpambaji anayeeleza maua, na WhatsApp inaweza kuzishusha zote ilhali wewe umelala. Hukugusa kitu, lakini data imetembea.

Na ukigusa ndio zaidi. Netflix wenyewe hueleza kwamba video ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na ile ya 4K hadi GB 7. Tufanye mfano, na huu ni mfano tu, kwamba romingi bila bando inatozwa shilingi 1,000 kwa MB moja. GB 3 ni kama MB 3,000. Saa moja ya filamu imekuwa shilingi milioni 3, na filamu yenyewe haijafika mwisho.

Zima data kabla ya kuvuka. Usingoje kutua wala kufika hotelini. Zima ukiwa bado hapa, na utazame kwa macho yako kwamba kile kitufe cha romingi kimezimwa.

Mimi nilikaa kwenye swichibodi enzi za Posta na Simu. Mtu alikuja kaunta, akaandikisha simu ya mbali, akangoja aitwe. Dakika tatu zikiisha tuliingia kwenye laini tukamuuliza: unaendelea au unakata? Aliyeendelea aliendelea kwa kujua, na aliyekuwa na pesa ya dakika tatu alikata hata kama shangazi bado anasalimia. Kulikuwa na mtu katikati wa kukuzindua. Leo mtu huyo hayupo, na usidhani yupo.

Hesabu ya romingi hupita njia ndefu. Mtandao wa ugenini unahesabu ulichotumia, unapeleka hesabu kwa kampuni yako ya nyumbani, kampuni yako inamlipa mwenyeji bei ya jumla, na wewe unalipa bei ya rejareja. Katika safari hiyo hesabu inaweza kuchelewa. Mwenye laini ya vocha ana nafuu, maana salio likiisha mambo yameisha. Ninayemwogopea ni mwenye mkataba wa kulipa mwisho wa mwezi, kama ilivyo kawaida ya huko mnakokwenda. Huyo anaweza kutembea siku kadhaa akicheka na watu, kumbe anadaiwa. Deni la kimya halikohoi mlangoni.

Nyie mmekua mkisikia kwamba Afrika Mashariki romingi ni bure. Maneno hayo yana historia yake. Septemba 2006 kampuni ya simu ya Celtel iliziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania, mteja wake akawa anapiga kwa bei ya mwenyeji na kupokea bila kutozwa. Lilikuwa jambo kubwa, na dunia ilikuja kututazama sisi. Baadaye, kuanzia mwisho wa 2014, serikali za Kenya na Rwanda, kisha Uganda, zikaanzisha Eneo la Mtandao Mmoja ili kushusha bei ya simu za kuvuka mpaka. Nami nazipongeza. Lakini angalia vizuri: mipango yote miwili ilianza na sauti, kupiga na kupokea. Anayelichukua neno "bure" la kupokea simu akalibandika kwenye intaneti anajidanganya mwenyewe. Uliza kampuni yako juu ya data, kwa nchi unayokwenda, kwa tarehe unayosafiri.

Sasa wewe wa Ulaya. Hapa nitakawia, kwa sababu wajukuu zangu wengi mko huko na mnajiona salama.

Usalama upo, sikatai. Tangu tarehe 15 Juni 2017, laini ya nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya hutumika katika nchi nyingine za Umoja huo kwa bei ya nyumbani, na sheria hiyo imeongezewa muda hadi 2032. Norway, Iceland na Liechtenstein zimo pia, ingawa si wanachama. Wa Ujerumani akienda Hispania kumtembelea dada yake, simu inaendelea kama kawaida. Ni sheria nzuri, na natamani siku moja tuwe nayo yetu iliyokamilika.

Lakini sheria ina mipaka yake na mipaka hiyo haifuati ramani unayoijua. Uswisi iko katikati ya Ulaya na haimo. Treni ya Frankfurt kwenda Milano inapita humo, na simu ya kijana aliyesinzia dirishani inapita nayo. Ikiwa kampuni yako imeiongeza Uswisi kwa hiari, sawa. Kama haijaiongeza, utailipia. Uingereza imetoka kwenye Umoja, na kampuni zake kadhaa kubwa zikarudisha ada kwa wateja wao wanaokwenda Ulaya. Na hili litawashangaza: Mayotte, kisiwa kilicho hapa kwetu katika Bahari ya Hindi, kwa kuwa ni sehemu ya Ufaransa kimo ndani ya sheria hiyo. Ngazija, jirani yake wa damu, haimo. Mtu wa Marseille mwenye jamaa pande zote mbili anavuka bahari kidogo tu, na sheria imemwacha.

Tuje kwenye bando la bila kikomo, kwa sababu hapo ndipo mnapobishana na mimi. Mnasema, "Babu, nimelipia bila kikomo, na sheria inasema bei ni ile ile, basi niko huru." Si hivyo, mwanangu. Sheria yenyewe inairuhusu kampuni iweke kiwango cha matumizi ya haki ukiwa nje ya nchi ya laini yako, na imetoa kanuni ya kukipigia hesabu. Chukua bei ya bando kwa mwezi ukiondoa kodi. Igawanye kwa bei ya juu kabisa ya jumla ambayo kampuni hutozana kwa GB moja. Kisha zidisha kwa mbili. Bei hiyo ya jumla hushuka kila mwaka: mwaka 2025 ilikuwa euro 1.30, mwaka 2026 ni euro 1.10, na kuanzia 2027 ni euro 1. Kwa hiyo bando la euro 33 kabla ya kodi, kwa mwaka 2026, ni 33 kugawanya kwa 1.10, unapata 30, mara mbili ni 60. Ukiwa Ureno kampuni inaweza kukuwekea mpaka wa GB 60, hata kama nyumbani unaangalia mpira usiku kucha. Ukizidisha unatozwa kwa kila GB ya ziada, na kodi juu yake. Pesa hiyo haiangushi nyumba, nakubali. Ila ujue ipo, usije ukapigana na msichana wa kaunta asiye na kosa.

Jambo la pili ni wale wanaonunua laini ya bei nafuu nchi moja na kuhamia nchi nyingine moja kwa moja. Mmeambiana kwamba ni ujanja. Kampuni inaruhusiwa kuangalia mwenendo wako kwa miezi 4. Ikiona umekaa nje na kutumia nje kuliko nyumbani, inakuandikia, na unapewa siku 14 za kujieleza au kubadilika. Usipofanya lolote inaanza kukutoza. Barua hiyo huja kwa SMS au barua pepe, kwa lugha ambayo pengine bado unajifunza. Usiiache ikae. Mpe mwenzako anayeijua lugha akusomee siku hiyo hiyo.

Na sasa linalonikosesha usingizi. Desemba mnakuja nyumbani.

Mnashuka Zanzibar, Mombasa, Kilimanjaro, mnawasha simu zenu za Ulaya pale pale ngazini mwa ndege, kila mtu anataka kurusha picha ya mnazi. Bando lako la bila kikomo limebaki Ulaya, mwanangu. Tanzania na Kenya haziko kwenye sheria ile. Huku kampuni yako inatoza inavyotaka, na inatoza kwa MB.

Sheria yao imekuachia breki moja. Kampuni inatakiwa kukuonya ukifika asilimia 80 ya kiwango kilichowekwa, na kukukatia data ukifika kwenye kiwango chenyewe, ambacho kwa kawaida ni euro 50 bila kodi, hata ukiwa nje ya Ulaya. Ila breki hiyo ina tundu: mtandao wa huku ukiwa hauwezi kuipa kampuni yako hesabu ya papo kwa papo, breki haishiki. Na hata ikishika, utaulizwa kama unataka kuendelea. Vijana, kwa haraka ya picha ya bahari, mnabonyeza ndiyo. Nakusihi, usibonyeze ndiyo. Bahari hii itakuwepo hata kesho.

Ukitua, nunua laini ya hapa au iwashe ile ya zamani. Kitambulisho unacho, ndugu wa kukusindikiza wapo, na bando la wiki ni bei ya mlo wa watu wawili watatu. Hakuna aibu ya kutumia laini ya nyumbani ukiwa nyumbani.

Kwenye ndege nako tahadhari. Machi 2008 Emirates ilifungua njia ya abiria kupiga simu angani, na tangu hapo ndege nyingi zina mtandao wao wa ndani unaopitia setilaiti. Meli kubwa za abiria ni hivyo hivyo. Mitandao hiyo haihesabiwi kuwa ya nchi yoyote na bando la nchi haliiingii. Iweke simu kwenye hali ya ndegeni, si kwa sababu rubani amesema tu.

Nyie wa Ghuba nina neno fupi. Mnafika Dubai, mnakuta simu ya WhatsApp ya sauti haipiti, mtu anawaambia washeni romingi ya laini ya nyumbani, itapita. Anaweza kuwa anasema kweli, maana data ya romingi mara nyingi hurudishwa kwanza kwa kampuni ya nyumbani ndipo itoke kwenda mtandaoni. Lakini utamsikia mama dakika kumi na utalipa mshahara wa siku. Fuateni programu zinazoruhusiwa huko, au mumtumie mama sauti iliyorekodiwa. Mama hana haraka. Anachotaka ni kujua mmekula.

Turudi kwenye bila kikomo, maana haya si ya wasafiri peke yao.

Mwishoni mwa Julai 2018 moto mkubwa uitwao Mendocino Complex ulizuka kaskazini mwa California, Marekani. Kikosi cha zimamoto cha Santa Clara kilikuwa na gari maalumu la mawasiliano, la kujua askari wako wapi na moto umeelekea wapi. Gari lile lilikuwa kwenye mpango wa data wa Verizon uliouzwa kama wa bila kikomo. Walipopita kiwango kilichoandikwa ndani ya masharti, kasi ilishushwa hadi sehemu moja ya mia mbili ya ile ya kawaida. Moto unawaka, na gari la kuratibu askari halifungui ukurasa. Wakaiandikia kampuni irudishe kasi, wakajibiwa wanunue mpango wa bei ya juu zaidi. Mkuu wa kikosi, Anthony Bowden, alieleza haya kwa maandishi ya kiapo mahakamani Agosti mwaka huo. Verizon ilikiri baadaye kwamba mhudumu wao alikosea, kwa sababu wakati wa dharura kizuizi kile kilitakiwa kuondolewa.

Sasa fikiri. Wale walikuwa askari wa serikali, wenye magari na wanasheria, na bado waliambiwa wanunue bando kubwa. Wewe mwenye mtihani wa mtandaoni saa tatu asubuhi utaambiwa nini?

Wala si Verizon peke yake. Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Marekani iliishitaki AT&T kwa kuwauzia watu data ya bila kikomo kisha kuipunguza kasi, wengine baada ya kutumia GB 2 tu kwa mwezi. Wateja walioguswa walizidi milioni 3.5. Kesi ilikwisha mwaka 2019 kwa kampuni kukubali kutoa dola milioni 60. Gawanya uone kila mmoja alipata nini.

Sisemi mpaka usiwepo. Nimefanya kazi ya simu, najua mnara una uwezo wake. Watu wanaoutumia wanagawana hewa ile ile, na wachache wakishusha filamu usiku na mchana, mgonjwa wa nyumba ya jirani anayempigia daktari kwa video atakwama. Kuweka kiwango ni haki. Kisicho haki ni kuandika neno kubwa barabarani na namba yake kwa herufi za sisimizi ukurasa wa mwisho. Hapo mimi na kampuni hatuelewani, na sitaacha kulisema.

Kwa hiyo anayekwambia kula ushibe, muulize sufuria ni ya kilo ngapi. Muulize: ni GB ngapi kabla kasi haijapunguzwa? Ikipunguzwa inabaki ngapi? Maana kuna mipango inayoshuka hadi kbps 128. Kwa kasi hiyo ujumbe wa maandishi unapita, lakini picha moja ya fomu ya MB 5 inachukua dakika tano na zaidi kupanda, hapo ni mtandao ukiwa mzuri. Muulize pia kama hotspoti imo. Mara nyingi ina kiwango chake pembeni, na wakati mwingine hairuhusiwi kabisa. Hapo najua mtakwama, kwa sababu sisi tumelelewa kugawana. Mmoja akiwa na bando kubwa, chumba kizima kinaunganishwa, na jirani wa ghorofa ya juu ameshapewa neno la siri. Ukarimu ni mzuri, lakini mkataba una jina lako peke yako.

Laini za eSIM za wasafiri zinasaidia, nami nazipendekeza kwa mwenye simu inayozikubali. Utainunua ukiwa hapa, utaiwasha ukitua. Lakini hata hizo, zilizoandikwa bila kikomo, nyingi zina kiwango cha siku, na ukikivuka unaanza kutambaa mpaka kesho yake. Soma kabla ya kulipa. Maandishi madogo hukata mkono mkubwa.

Laini yako ya nyumbani usiitupe. Huko ndiko ziliko pesa zako za simu, na namba za siri za benki hutumwa huko kwa SMS. Ikikaa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungwa, namba akapewa mtu mwingine, na mtu huyo akaanza kupokea salamu za shangazi zako pamoja na ujumbe wa benki yako. Iweke kwenye simu, data yake ikiwa imezimwa, na uulize kampuni yako kama kupokea SMS ukiwa nje kunatozwa. Kwenye simu za laini mbili, chungulia kitu kimoja zaidi ambacho wengi hawakijui: kuna kitufe kinachoiruhusu simu kuhamisha data yenyewe kwenda laini ya pili pale laini ya kwanza inapokuwa dhaifu. Umenunua laini ya huko, umejiamini, umeingia kwenye lifti, mtandao umepungua, simu imehamia laini ya Tanzania bila kukuaga. Kizime hicho nacho.

Zima data kabla ya kuvuka, mjukuu wangu. Nimerudia kwa sababu najua uwanja wa ndege ulivyo: watu wanalia, mnapiga picha, mtu anakusukuma, unasahau.

Na kama bili itakuja hata hivyo, maana binadamu ni binadamu, usiifiche. Wanaozificha ndio ninaowalilia. Wanabadilisha laini, wanahama chumba, na huko mlikoenda deni la simu linaweza kupelekwa kwa wakusanya madeni na jina lako likaandikwa pabaya, ukikodi nyumba unakataliwa, ukiomba mkopo wa gari unakataliwa. Piga kampuni siku hiyo hiyo. Omba mchanganuo wa matumizi kwa tarehe na saa, na uombe kwa maandishi. Tazama kama walikutumia onyo, kama breki ya sheria ilifanya kazi, kama ulikuwa kweli katika nchi wanayoitaja. Ukiona dai si halali, lipinge kwa barua na utunze nakala. Ukiona ni halali, omba kulipa kidogo kidogo, na usikubali kwa simu jambo ambalo hujaliona kwenye karatasi. Kampuni ikikataa kusikia, wasimamizi wapo: huku kwetu TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, Ujerumani ni Bundesnetzagentur, ambao wana kitengo cha kusuluhisha wateja na kampuni.

Kabla ya hayo yote, nitumie mimi picha ya hiyo bili. Iwe kubwa, iwe ndogo, uwe umekosea au hukukosea. Itume siku utakayoipata, tuisome pamoja mstari kwa mstari.